Mtoto Anapotapika: Maji Kwanza, Dawa kwa Ushauri

Kituo kimoja tu kwa garimoshi kutoka Parramatta, kuelekea magharibi, ndipo ulipo mtaa wa Westmead, ambao jina lake, katika vinywa vya wazazi wa upande huu wa Sydney, limekuwa mamoja na jina la hospitali; kwa kuwa hapo ndipo ilipohamia, mwaka 1995, hospitali ya watoto iliyoasisiwa katika mtaa wa Glebe mwaka 1880 na kukaa Camperdown kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Jamaa zetu wasemao Kiswahili, waliofika hapa kutoka Kongo na Burundi baada ya miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu na Kakuma, na wale waliotoka Mombasa, Nairobi, Unguja na Dar es Salaam kwa elimu au kwa kazi, huijua njia ya kwenda huko hata usiku, na aghalabu sababu iliyowafunza njia hiyo ni moja: mtoto ametapika, ametapika tena, na nyumba nzima imeshikwa na hofu.

Hofu hiyo ni ya haki, wala hakuna mwenye moyo awezaye kumlaumu mzazi kwayo. Walakini katika nyumba zetu nyingi, juu ya kabati la jikoni au ndani ya sanduku la safari, mna mfuko wa dawa uliovuka bahari pamoja nasi: vidonge vilivyobaki baada ya ugonjwa wa mtu mzima, chupa ya dawa ya maji ambayo karatasi yake imechakaa, na pakiti aliyoileta shangazi alipokuja harusini. Saa ile ya hofu, mkono huenda kwenye mfuko huo kabla akili haijauliza neno. Muradi wa makala haya ni kuuzuia mkono ule kwa dakika chache, mpaka maswali matatu yajibiwe: mtoto huyu anatapika kwa sababu gani, dawa hii ni dawa gani hasa, na mtoto ana uzito wa kilo ngapi.

Swali la kwanza ndilo kubwa, maana kutapika si maradhi bali ni dalili ya maradhi, na dalili moja yaweza kutumwa na adui wengi. Hospitali hii ya jirani yetu ina ushuhuda wake mkubwa juu ya jambo hilo. Mwaka 1963, ilipokuwa ingali Camperdown, tabibu wake Douglas Reye, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza miili ya waliofariki ili ijulikane kilichowaua, alichapisha pamoja na wenziwe Graeme Morgan na Jim Baral, katika jarida la Lancet la London, habari za watoto 21 waliotibiwa hapo kati ya mwaka 1951 na mwaka 1962. Watoto hao walianza kwa maradhi madogo, mafua au kikohozi, wakaelekea kupata nafuu, kisha ghafula wakashikwa na kutapika kusikokoma, wakaweweseka, wakapotewa na fahamu. Na katika hao 21, waliofariki walikuwa 17. Miili yao ilipochunguzwa, ubongo ulionekana umevimba na ini limejaa mafuta.

Ugonjwa huo hadi leo duniani kote huitwa kwa jina la Reye, na katika miaka ya 1980 ilipobainika kwamba aghalabu hufuatana na aspirini aliyopewa mtoto mwenye maradhi ya virusi, mataifa mengi yakakataza watoto kupewa aspirini, na maradhi yenyewe yakawa adimu. Faida ya kisa hiki kwetu ni kwamba kwa watoto wale kutapika kulikuwa ni habari ya kwanza kutoka kwenye ubongo na ini. Na yeyote ambaye angalikuwa na dawa ya kuzuia tapishi lile asingaliponya kitu, angaliikata habari njiani tu, saa zikapita.

Miaka miwili kabla ya makala ya Reye, katika jarida lile lile la Lancet, mji wa Sydney ulikuwa umetoa onyo jingine. Desemba 1961 daktari wa uzazi William McBride aliandika barua fupi akiuliza kama matabibu wenziwe nao wameona watoto wakizaliwa na mikono na miguu pungufu kwa mama waliotumia thalidomide, dawa iliyosifiwa kuwa ni ya upole, iliyoleta usingizi na kutuliza kichefuchefu cha ujauzito; na huko Ujerumani daktari Widukind Lenz alikuwa amekwisha kufikia shaka hiyo hiyo. Watoto waliodhuriwa ulimwenguni walizidi 10,000. Australia iliunda mwaka 1963 kamati ya kupima dawa kabla hazijauzwa, na tarehe 29 Novemba 2023 Waziri Mkuu Anthony Albanese alisimama bungeni Canberra akawaomba radhi manusura kwa niaba ya taifa. McBride mwenyewe, katika utafiti mwingine wa baadaye, alipatikana na hatia ya kughushi matokeo, akafutwa katika orodha ya madaktari mwaka 1993. Nasi twapata hapo insafu ya mambo, kwamba sifa ya mtu haitoshi, wala sifa ya dawa haitoshi, bali ithibati ndiyo inayotosha. Kila tahadhari iliyoandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa chupa ina watoto nyuma yake.

Basi tuje kwenye dawa zenyewe, tukizitaja kwa majina ambayo watu huyajua.

Ya kwanza ni promethazine, ambayo wengi wetu tumeizoea kwa jina la Phenergan. Hii ni dawa ya mzio iletayo usingizi na kuzuia kichefuchefu, na kwa sababu ya usingizi huo baadhi ya wazazi humpa mtoto kabla ya safari ndefu ya ndege, ili alale kutoka Sydney hadi Doha au Dubai na asisumbue abiria. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwamba asipewe kabisa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa yaweza kuzuia pumzi mpaka mtoto akafa. Na mwishoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Australia ilitangaza kwamba dawa hiyo inayouzwa madukani isitolewe kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, kwa sababu ya madhara kama kuhangaika, ukali na kuona mambo yasiyokuwepo. Mzazi aliyeipata chupa yake miaka kumi iliyopita, au aliyeinunua katika nchi nyingine, hatayaona maneno haya kwenye karatasi ya chupa. Ndiyo maana ayapate hapa.

Ya pili ni metoclopramide, ambayo Afrika Mashariki hujulikana sana kwa jina la Plasil, na hapa kwa jina la Maxolon. Dawa hii hufanya kazi katika ubongo, na ubongo wa mtoto ni mwepesi kudhurika nayo kuliko wa mtu mzima. Katika siku ya kwanza au ya pili baada ya kuitumia, mtoto aweza kuonekana macho yamegeukia juu yasishuke, shingo imepindia nyuma, taya limekaza na ulimi umetoka nje, naye anasikia yote yasemwayo lakini hawezi kujibu. Wazee wetu wa pwani wangaliona degedege, na wengine wangalimtafuta mganga wa kupunga shetani. Daktari asiyeambiwa habari ya dawa naye aweza kudhani ni pepopunda au homa ya uti wa mgongo, akamchoma sindano mgongoni bila haja. Na tiba yake ni sindano moja, ambayo kwa kawaida humrudisha mtoto katika hali yake kwa muda mfupi, maadamu mzazi amesema alichompa. Kusema kweli hapo si aibu. Ni nusu ya tiba.

Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikataza dawa hii kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, ikaiweka kwa wakubwa zaidi kuwa ya akiba tu, itumiwe zingine ziliposhindwa, wala isizidi siku 5. Kipimo kilichoruhusiwa hakizidi miligramu 0.15 kwa kila kilo ya mwili kwa mara moja. Hebu tufanye hesabu: mtoto wa kilo 12 hapaswi kuzidi miligramu 1.8, kidonge cha mtu mzima kina miligramu 10, kwa hiyo mama anayekivunja kidonge kati, akadhani kwamba nusu ndiyo haki ya mtoto, amempa miligramu 5, karibu mara tatu ya kipimo cha juu kabisa, na amefanya hivyo kwa upendo mtupu. Upendo usiokuwa na mizani humdhuru mpendwa.

Domperidone, ambayo wengine huiita Motilium, iliwekewa mipaka Ulaya mwaka 2014 kwa kuwa yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Na ilipojaribiwa kwa watoto walio chini ya miaka 12 haikuonyesha manufaa zaidi ya dawa ya bandia, ikaondolewa kwao. Prochlorperazine, yaani Stemetil, ni jamaa wa karibu wa dawa hizi katika kukaza misuli, nayo haimfai mtoto mdogo. Hatari iliyothibitika na faida isiyothibitika hazina budi kumtosha mtu mwenye busara kuziacha katika mfuko.

Iliyobaki ni ondansetron, na hiyo ndiyo mzazi atakayoiona mara nyingi mikononi mwa madaktari wa Westmead, katika sura ya kidonge chepesi kinachoyeyuka juu ya ulimi. Iliundwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na dawa kali, na ikaanza kuuzwa mapema katika miaka ya 1990. Mwaka 2006 Stephen Freedman na wenziwe walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya Chicago kwa watoto 215 waliokuwa na kuhara na kutapika: waliopewa kipimo kimoja cha dawa hii, waliotapika tena walikuwa 14 katika kila mia, na waliopewa dawa ya bandia walikuwa 35 katika kila mia, na waliohitaji kutundikiwa maji kwenye mshipa walipungua kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni ithibati njema. Hata hivyo hapa Australia haiuzwi bila cheti cha daktari, na sababu zake ni za haki: hupimwa kwa uzito, yaweza kufunga choo au kuleta maumivu ya kichwa, na kwa mtoto mwenye hitilafu fulani ya moyo, au aliye katika dozi ya dawa nyingine inayogusa mapigo ya moyo, zikiwamo baadhi ya dawa za malaria, yaweza kuleta hatari kubwa. Tena yapasa kukumbukwa kwamba watafiti wale hawakuisifu kwa kuponya maradhi. Waliisifu kwa kuwa ilimwezesha mtoto kunywa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Kinachomwua mtoto anayetapika na kuhara si tapishi, ni ukavu. Na tiba ya ukavu ni maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo vilivyo sawa. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika, akaamrisha chumvi na sukari zichanganywe katika mapipa na jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vya kipindupindu vilivyokuwa karibu 30 katika kila mia vikashuka chini ya 4. Wengi miongoni mwetu, waliokulia makambini, walinyweshwa maji hayo hayo na mama zao, na hawana haja ya kuambiwa fadhila yake.

Lakini wana haja ya kuambiwa neno moja la Parramatta. Pakiti za unga wa chumvi na sukari zinazogawiwa katika zahanati za nyumbani aghalabu ni za kuchanganywa katika lita 1 ya maji; zile zinazouzwa katika maduka ya dawa ya Church Street na kwingineko hapa kwa kawaida ni za mililita 200. Mwenye pakiti ya nyumbani akaichanganya katika kikombe kwa kuwa jirani yake Mwaustralia afanya hivyo, amemnywesha mtoto chumvi mara tano ya kipimo, na chumvi ya namna hiyo huweza kuleta degedege. Isomwe pakiti yenyewe, wala isifuatwe desturi ya jirani.

Namna ya kunywesha nayo ina adabu yake. Mtoto aliyetapika akipewa kikombe kizima atakirudisha chote, na mama atasema maji hayakai. Aachwe tumbo litulie kwa muda mfupi, kisha mama achukue bomba la plastiki la kupimia dawa, ambalo duka lolote la dawa humpa mtu kwa bei ndogo, avute mililita 5, amtilie mtoto kidogo kidogo pembeni mwa shavu, angoje dakika 2 au 3, arudie. Ni kazi ya kuchosha, inayoonekana kuwa si kitu. Walakini kwa saa moja mtoto wa kilo 12 atakuwa amepokea zaidi ya mililita 100, na nyingi katika hizo zitakaa hata akitapika kati. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda, hata ile iliyotolewa gesi, isitumiwe, kwa sababu sukari yake ni nyingi na huzidisha kuhara. Bomba hilo hilo ndilo litumike kwa dawa yoyote ya maji, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani, na kijiko cha nyumba hii chaweza kushika mara moja na nusu ya kijiko cha nyumba ile.

Sasa nirejee kwenye swali la kwanza, maana zipo hali ambazo hazingojei bomba wala mfamasia. Tapishi la rangi ya kijani, hasa kwa mtoto mchanga, ni dalili kwamba utumbo huenda umejisokota, na mtoto apelekwe hospitali saa ile ile. Kadhalika tapishi lenye damu, na tapishi la mtoto wa wiki chache linaloruka kwa nguvu kila anyonyapo. Apelekwe upesi mtoto ambaye amepigwa kichwa kisha akatapika, mwenye shingo ngumu au asiyestahimili mwanga, mwenye tumbo linalouma asilostahimili kuguswa, asiyekojoa kwa muda mrefu, ambaye macho yamezama na utosi umebonyea, au anayelala usingizi usio wa kawaida. Mtoto anayetapika huku kwa siku nyingi amekuwa akinywa maji mengi, akikojoa mno na kukonda, aweza kuwa na kisukari. Na mtoto aliyetoka kuwazuru babu na bibi Afrika, akashikwa na homa na kutapika baada ya kurudi, mzazi aseme mlangoni, kabla hajaulizwa, kwamba ametoka katika nchi yenye malaria. Kwa sababu daktari wa hapa huona tumbo la virusi kila siku, na malaria huiona mara chache.

Kuna pia ghalati iliyo kinyume cha yote haya: mtoto amemeza vidonge vya bibi au dawa ya kusafishia, na mzazi anataka kumtapisha kwa kidole au kwa maji ya chumvi. Asimtapishe. Apige simu 13 11 26, ambayo ni ya kituo cha habari za sumu, nacho kwa jimbo hili la New South Wales kimo ndani ya hospitali ile ile ya watoto ya Westmead, wataalamu wake wakipokea simu mchana na usiku. Na mtoto akiwa ameanguka, hapumui vizuri au ana degedege, apige 000 bila kukawia. Asiyekijua Kiingereza vema ana haki ya mkalimani: nambari 131 450 ni ya huduma ya taifa ya wakalimani kwa simu, iliyoanzishwa mwaka 1973, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake, hospitalini mkalimani hutolewa bila malipo. Tusimpe mtoto wa shule wa miaka kumi kazi ya kufasiri kipimo cha dawa ya mdogo wake. Tofauti ya miligramu na mililita imewapotosha hata watu wazima, na si uadilifu kumtwisha mtoto jukumu ambalo likimponyoka atalilia maisha yake yote.

Nasaha zangu kwa jamaa zetu wa Parramatta, Granville, Auburn na Blacktown ni za vitendo. Vyama vyetu vya akina mama, misikiti na makanisa, ambavyo hukusanya watu kwa harusi na kwa matanga, vina uwezo wa kumwalika mfamasia kwa saa moja, kila mtu akaja na mfuko wake wa dawa, ukafunguliwa mezani; zilizopitwa na wakati na zisizojulikana jina zirudishwe dukani, kwa kuwa kila duka la dawa Australia huzipokea bure na kuziangamiza kwa usalama. Kila nyumba iupime uzito wa mtoto na kuuandika penye jokofu, kando ya nambari za simu, na chini yake majina ya dawa anazotumia. Mtoto achanjwe dhidi ya rotavirus kwa wakati wake, kirusi kilichogunduliwa Melbourne mwaka 1973 na Ruth Bishop na wenziwe, na ambacho chanjo yake hutolewa bure hapa tangu mwaka 2007, Tanzania tangu mwanzo wa mwaka 2013 na Kenya tangu mwaka 2014; kwani tapishi lililozuiwa kwa chanjo halihitaji dawa yoyote.

Wazazi wetu walitulea kwa subira na maji ya kikombe katika mahali ambapo daktari alikuwa mbali mwendo wa siku nzima. Sisi daktari yu kituo kimoja kwa garimoshi, mfamasia yu kona ya barabara, na mjuzi wa sumu yu kwenye simu usiku wa manane. Neema hiyo inatudai jambo dogo: tusimpe mtoto dawa ya kuzuia kutapika mpaka mtu mwenye elimu ya dawa hizo ameambiwa umri wake, uzito wake na yote anayotumia, naye amekubali. Tukimngoja mtu huyo, bomba la mililita 5 liwe mkononi, na mtoto anyweshwe.